Dungu na Lielee

Enyi watu wa Bonde la Rufiji, mnaolima Muhoro, Chumbi na Mloka. Nanyi wa Kilombero, wa Bunyala, wa Mto Tana, wa Gatumba ambako Ziwa Tanganyika limepanda hadi kwenye vizingiti vya milango: neno hili ni lenu. Maji yatarudi. Tuombe dua, tena tuombe kwa moyo wote, lakini tukishaitikia amina tushike nyundo na msumeno, maana bonde ni la mto tangu mto ulipoumbwa, nasi tunakaa humo kwa ukarimu wake.

Aprili 2024 haijasahaulika. Mvua zilikuwa zimeanza tangu vuli ya mwaka uliotangulia, mwaka wa El Niño, na ardhi ilikuwa imeshashiba. Mto ukapanda, ukatoka kingoni, ukatanda kwenye mashamba ya Rufiji na Kibiti, ukafika majumbani. Nyumba ya fito na udongo haibomolewi na maji kwa kishindo. Huanzia chini. Udongo wa futi ya kwanza hulowa, huvimba, kisha huteleza kutoka kwenye fito pande kwa pande, na baada ya siku chache paa limesimama juu ya miti mitupu. Nanyi mliona kilichotokea ndani ya nyumba hizo. Godoro lilielea. Mlango uling'oka ukaelea. Ndoo zilielea, madumu ya mafuta yalielea, hata kinu cha kutwangia kilielea. Vitu vyepesi vilipanda na maji, na kilichoanguka ni kile tu tulichokijenga kitusitiri. Je, hilo si funzo lililowekwa mbele ya macho yetu? Tumelitazama, tumelia, kisha maji yalipokauka tukachimba udongo uleule na kukandika kuta zilezile.

Wala msijipumzishe kwa kusema kuna bwawa. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha umeme, megawati 2,115, na mafuriko ya 2024 yalikuja likiwa limeshasimama.

"Hameni!" Hilo ndilo neno tunaloambiwa kila mwaka wa maji. Silidharau, na kuna mahali nitalisema mimi mwenyewe. Lakini Rufiji imeshahamishwa. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wa bondeni walipandishwa kwenye miinuko na kupangwa katika vijiji vya ujamaa, katika mpango ulioitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zilipanda. Mashamba hayakupanda. Mto ukitanda na kurudi huacha tope jipya, na juu ya tope hilo, mwezi wa Juni na Julai, mkulima hupanda mahindi na kunde za mlau zinazokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kungoja mvua. Kule juu kwenye mchanga hakuna neema hiyo. Basi watu waliteremka tena, kwa miguu na kwa mitumbwi, msimu baada ya msimu, na wanateremka hadi leo. Mafuriko yaleyale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayolisha kaya. Kumwambia Mrufiji aliache bonde ni kumwambia aache chungu kikichemka jikoni akalale na njaa barazani.

Na huko bondeni wazee hawakulala chini. Walijenga madungu: sakafu juu ya nguzo, ngazi ya kupandia, paa la makuti au nyasi, mahali pa kulala na kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na ndege. Maji yakitanda, familia ilikaa juu, ikapika juu, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo, na samaki wakavuliwa palepale penye shamba. Tusilione dungu kuwa kibanda cha umaskini. Ni elimu iliyopimwa na mafuriko mengi kuliko vitabu vyetu vyote vya ujenzi. Lina upungufu mmoja tu, nao ni urefu wa nguzo zake. Maji yakizizidi nguzo kwa shibiri moja, mwenye dungu hupanda paani, na akishafika paani hana tena pa kupanda.

Ndugu zangu, ni nini kinachoizuia sakafu hiyo isipande pamoja na maji? Ni misumari! Ni misumari tuliyoigongomea kwenye nguzo kwa mikono yetu. Iacheni huru. Nguzo zibaki ardhini, zichimbiwe kwa kina, ziwe ndefu kupita alama ya maji ya juu kabisa ambayo wazee wa kijiji wanaikumbuka. Sakafu isigongomewe kwenye nguzo, bali ishikwe kwa pete nne pana zinazoteleza juu na chini. Chini ya sakafu yafungwe mapipa matupu. Wakati wa kiangazi dungu litakaa juu ya magogo yake. Maji yakija litanyanyuka, yakizidi litazidi kupanda, yakipungua litashuka palepale lilipokuwa, juu ya shamba lilelile, na mwenyewe atafungua mlango, atatoka na jembe lake, atapanda mlau.

Mtu asiseme hii ni ndoto. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, mahali paitwapo Old River Landing kando ya Mto Mississippi, wavuvi walianza katika miaka ya 1970 kusukumiza mabonge makubwa ya povu la plastiki chini ya vibanda vyao na kusimika milingoti pembeni. Hawakumngoja msomi. Msomi ndiye aliyewafuata: mwaka 2006 Profesa Elizabeth English alianzisha Buoyant Foundation Project ili ufundi wa wavuvi wale uwafikie wengine. Uholanzi nako, katika kijiji cha Maasbommel ukingoni mwa Mto Maas, nyumba 32 zilikamilika mwaka 2005 zikiwa zimekaa juu ya masanduku matupu ya zege, zimeshikwa na nguzo za chuma, na zinaweza kupanda zaidi ya mita 5. Mwaka 2011 mto ulifurika, zikapanda, zikashuka, watu wakaendelea na maisha yao.

Lakini mfano ninaotaka mwondoke nao uko Bangladesh, nchi ya wakulima wa mpunga na mito ya tope, nchi inayofanana na yetu. Huko South Kanarchor, karibu na Dhaka, palikuwa na kiwanja ambacho theluthi ya mwaka kiko chini ya maji. Mwalimu mstaafu alitaka shule ya watoto wadogo hapo hapo. Msanifu Saif Ul Haque angeweza kujaza kifusi. Angeweza kusimamisha nguzo ndefu za zege. Hakufanya hivyo. Alijenga madarasa ya mianzi yanayokaa chini wakati wa ukavu na kuelea wakati wa maji, juu ya mapipa ya chuma yaliyofungwa ndani ya fremu ya mianzi. Mianzi hiyo ilifungwa kwa kamba badala ya waya, kwa sababu waya hushika kutu. Ilipakwa majimaji ya tunda la kienyeji liitwalo gaab, lililochemshwa, kama desturi yao ya kuzuia maji kupenya. Mwaka 2019 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Haikupewa kwa utajiri wake. Ni mianzi, kamba, mapipa na tunda la porini, na akili ya mtu aliyekubali kwamba maji yana haki ya kuja.

Sasa niambieni, mafundi wa mashua wa Nyamisati, wa Mafia na wa Kilwa, ninyi mmepungukiwa na nini? Nani atawafundisha kuzuia maji? Mnajua kukunja pamba iliyoloweshwa mafuta na kuisukuma kwa patasi ya kalafati mpaka upenyo kati ya mbao na mbao uzibe. Mnajua kuchanganya shahamu na chokaa mkapata deheni ya kupaka chini ya chombo. Mnajua kufunga fundo ambalo likilowa ndilo linazidi kukaza. Na kule Mwanza, Kisumu na Homa Bay kuna vijana wanaochomelea vizimba vya kufugia sato: fremu ya mabomba ya chuma, mapipa ya plastiki pande zote, ubao wa kutembelea juu yake. Usiku wa upepo wanatembea juu ya vizimba hivyo na magunia ya chakula cha samaki mabegani. Kijana anayeweza kumjengea samaki makazi yanayoelea anaweza kumjengea mama yake. Mpeni paa na kuta, amemaliza!

Sitawaacha na maneno matupu. Shikeni kalamu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chombo kinachoelea hubebwa kwa kiasi cha maji kinayoyasukuma. Pipa la lita 200 likizama lote linainua kilo 200. Toa kilo 10 hivi za pipa lenyewe, zinabaki 190. Lakini ole wake apakiaye mpaka pipa lizame lote! Hesabuni nusu. Pipa moja libebe kilo 90, na nusu ya pipa ibaki juu ya maji kwa ajili ya wimbi, jirani aliyekuja kuomba hifadhi, na mbuzi aliyeopolewa. Chukueni sakafu ya mita 3 kwa 3. Fremu ya mbao, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa au mbao nyembamba, kuta za mianzi iliyosukwa, paa la bati jepesi: fundi mwangalifu ataviweka vyote ndani ya kilo 350. Watu sita, wakubwa kwa wadogo, kilo 300. Magunia mawili ya mahindi, kilo 200. Maji ya kunywa, vyombo, jiko, nguo na kuku, kilo 150. Jumla kilo 1,000. Gawanyeni kwa 90, mtapata mapipa 11 na ushei. Wekeni 12, sita upande huu na sita upande ule, kingoni kabisa, wala si katikati. Sakafu yenye mapipa katikati hupinduka siku watoto wote watakapokimbilia upande mmoja kutazama mamba.

Chumba hichohicho kikijengwa kwa matofali ya saruji ya inchi 6 kinakula matofali zaidi ya 200, na kuta peke yake zinapita tani 4. Hesabuni mapipa: zaidi ya 40, wakati chini ya sakafu ile hayaenei hata 30. Kwa hiyo anayetaka kuelea aachane na fahari ya tofali. Najua neno hili ni gumu. Kwetu nyumba ya tofali ni heshima, ni ushahidi kwamba mtoto aliyekwenda mjini hakupotea. Lakini heshima gani hiyo inayomwangukia mtoto usingizini? Kila kilo unayoipunguza ukutani ni kilo ya mahindi uliyoiokoa. Kila ubao mnene unaoubadilisha kwa mwanzi ni nafasi ya mtoto mmoja zaidi.

Tena nyumba hii ijengwe kwa vipande. Sakafu moja ni chumba. Mbili zikiunganishwa ni nyumba ya familia, nne ni zahanati, na zikiwa nyingi zaidi ni shule ambayo haifungwi masika. Kila kipande kibebwe na watu wawili, kiingie ndani ya mtumbwi, kipakiwe kwenye guta, kwa sababu siku ya maji barabara ndiyo inayotangulia kukatika. Better Shelter, vile vibanda vya Sweden vinavyotumiwa kwa wakimbizi, vina mita za mraba 17.5, na hufika vikiwa vimefungwa katika mabokasi mawili. Watu wanne hukisimamisha kimoja kwa saa chache bila kuwa mafundi. Ikiwezekana kwenye nchi kavu, kuongezea mapipa ni hatua moja mbele.

Siri ya kazi ya vipande iko kwenye matundu. Fundi akitoboa kwa kukadiria kwa jicho, ukuta wa Chumbi hautaingia kwenye fremu ya Muhoro, na usiku wa mvua watu watasimama na kipande mkononi wakitukanana. Basi kila karakana iwe na kigezo cha bamba la chuma chenye matundu yaliyopimwa mara moja, na kila ubao utobolewe juu ya kigezo hicho. Bolti ziwe za aina moja, za milimita 12. Hapo spana moja, namba 19, itafunga nyumba nzima na kuifungua nyumba nzima, nayo itundikwe kwa kamba mlangoni pasipo mtu wa kuiazima. Ila sakafu na sakafu zisifungwe kwa bolti. Zifungwe kwa kamba iliyopitishwa kwenye vipande vya tairi, ili wimbi likija kila moja inyanyuke kwa zamu yake bila kuvunja mwenzake.

Mapipa yachaguliwe. Chukueni ya plastiki yaliyobeba mafuta ya kula au juisi. Yaliyobeba dawa za mashambani yasisogee karibu na maji yetu. Na pipa hutoboka, hilo mlijue mapema. Gogo linalokokotwa na maji halina huruma. Kabla ya kulifunga kifuniko, lijazeni chupa tupu za plastiki zilizofungwa vizibo, pipa likitoboka chupa zitaendelea kulishika. Huko Dhaka msanifu Prithula Prosun aliielesha sehemu ya nyumba aliyoiita LIFT House kwa chupa za namna hiyo. Chupa wanazotupa abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara, kuanzia Kibiti hadi Daraja la Mkapa, zinatosha kijiji kizima, na kuziokota ni kuusafisha mto pia. Kuhusu nguzo, nawasihi msiikate mikoko ya delta. Boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini miaka mingi kwenda kuezekea majumba ya Uarabuni. Mikoko iliyobaki ndiyo inayotukinga na bahari. Tumieni mabomba ya chuma yaliyochakaa au miti ya kupandwa iliyotiwa dawa.

Pete zile nne zinataka uangalifu kuliko paa. Zikibana, nguzo ikapinda kidogo, kona moja itakwama huku tatu zikipanda, na sakafu italala upande na kumwaga kila kitu. Acheni nafasi ya vidole vinne kati ya pete na nguzo. Kila mwisho wa kiangazi vijana wanne wasimame kwenye kona nne, wanyanyue kwa pamoja kwa magogo, waone kama dungu linasogea. Lisiposogea siku ya jua halitasogea usiku wa mafuriko.

Nawaambia na hili, msije mkadanganywa na sifa. Huko Makoko, mtaa wa majini wa Lagos, msanifu Kunlé Adeyemi alijenga shule inayoelea iliyokamilika mwaka 2013: umbo la pembe tatu, ghorofa tatu, mapipa 256 ya plastiki chini yake. Dunia nzima iliipiga picha. Mwaka 2016 toleo lake la pili lilipata tuzo ya Simba wa Fedha kule Venice, na siku chache baadaye, mwezi Juni, mvua kubwa iliiangusha ile ya Makoko. Namshukuru Mungu watoto walikuwa wameshaondolewa. Msanifu hakukata tamaa; aliboresha, na mwaka 2021 kazi yake nyingine ilielea Mindelo, Cape Verde. Naye anastahili heshima, kwani alithubutu mbele ya wengi. Lakini sisi tusirefushe. Ghorofa zinashika upepo. Paa letu liwe chini, vitu vizito vikae sakafuni, na kila kijiji kiwe na mtu mmoja wa nati na kamba, anayekagua na kulipwa kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mlinzi wa pampu ya maji. Jengo linaloelea bila mwangalizi linahesabu siku zake.

Wala dungu linaloelea si dawa ya kila mahali. Kwenye mkondo mkuu wa mto msijenge, hata mkiwa na mapipa 100. Mahali pake ni uwanda ambako maji hutanda na kutulia. Desemba 2023 mlima Hanang uliteremsha tope na mawe juu ya Katesh. Kwenye njia ya tope kama hilo hakuna pipa linalofaa kitu. Na katika bonde la Msimbazi, ambako maji huja kwa saa chache yakibeba takataka na vyuma, hapo ndipo ninaposema kwa kinywa changu: hameni, na atakayewahamisha awape mahali panapokalika.

Kina mama watauliza habari ya choo, nao ndio wenye haki ya kuuliza kwanza, maana maji ya mafuriko huweza kubeba kipindupindu. Choo kisifunguliwe majini kamwe. Kiwe ndoo yenye mfuniko, majivu au maranda ya mbao yatiwe kila baada ya haja, na kikae kwenye sakafu yake ndogo, upande ambako maji yanaelekea baada ya kupita nyumba. Jiko liwe juu ya sinia pana la mchanga, mbali na ukuta wa mianzi. Ukingo wa sakafu uwe na reli mbili, ya juu ya kushika mtu mzima, ya chini ya kumzuia mtoto anayetambaa. Fundi atakayesahau reli ya chini asilipwe.

Nabii Nuhu tunamjua sote, wa msikitini na wa kanisani. Biblia inataja hata vipimo vya safina yake, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, na lami iliyopakwa ndani na nje. Aliijenga juu ya ardhi kavu, watu wakipita na kumcheka. Hakungoja tone la kwanza ndipo atafute mbao! Sisi je? Mahema huja baada ya maji. Boti za uokoaji huja baada ya maji. Mikutano ya tathmini huja baada ya maji. Fedha inayotumika kila mara kuwalaza watu madarasani, huku watoto wakikosa pa kusomea, ingetangulia mwaka mmoja tu ingenunua mapipa.

Kwa hiyo nasema na ninyi mlio na madaraka katika halmashauri za mabondeni: tengeni fungu la mapipa kabla ya fungu la mahema, na msimzuie fundi kwa kuwa ramani yake haifanani na ramani za nyumba za tofali. Wakufunzi wa VETA na wa Chuo Kikuu Ardhi, wapeni vijana wenu kazi hii, waiandike na kuipima, kisha waje Muhoro wakalale juu ya walichokichora. Vikundi vya vikoba, mnaokopeshana kwa ajili ya sherehe, kopeshaneni mapipa. Wenye mashine za kuchomelea, acheni mageti wiki moja mtengeneze kigezo.

Masika huanza Machi. Mapipa yapatikane Julai, fremu zisimame Agosti, na Septemba dungu la kwanza liingizwe bwawani mbele ya kijiji kizima. Lipakieni magunia ya mchanga ya kilo 650, uzito wa watu na mali yao, muyasukume yote upande mmoja, mtazame mapipa yamezama kiasi gani. Likiyumba, lirekebishwe Septemba hiyohiyo. Na hilo la kwanza msilifanye nyumba ya mwenyekiti wala ya aliyechanga zaidi. Lipeni zahanati, kwa sababu mama mwenye uchungu hawezi kungoja maji yapungue.